Sanamu ya hotelini: Tunaogopa sura, hatuogopi wizi?

KUNA swali aliniletea mpwa wangu, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, ambalo nilidhani nitalimaliza kwa dakika tano. Kijana huyu ni mzaliwa wa Moa kama mimi. Moa, kwa wasioijua, ni kijiji cha mikoko na wavuvi katika wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Vijana wake wakitafuta maisha hutawanyika, huyu Tanga, yule Mombasa, mwingine Dar es Salaam. Huyu wa kwetu alipata kazi ya usafi katika hoteli moja kubwa ya mji wa mwambao. Jina la hoteli silitaji, kwani lengo la makala hii si kumharibia mtu biashara yake.

Amepangiwa ukumbi wa mapokezi. Kila siku baada ya swala ya alfajiri hushika kitambaa akapangusa meza, viti, vioo na masanamu. Hapo kwenye masanamu ndipo penye tatizo.

"Mjomba," aliniambia, "wenzangu wananiambia malaika wa rehema hawaingii mle ndani, na kwamba mshahara wangu ni sawa na wa mtumishi wa hekalu. Maneno haya yamemfikia mama. Mwezi uliopita nilimtumia fedha akazirudisha. Je, niache kazi?"

Ndugu msomaji, mama anayerudisha fedha za mwanawe si jambo dogo. Dada yangu yule hana pensheni wala duka. Akirudisha fedha, maana yake analala na alichonacho, na mara nyingi hana kitu. Kwa hiyo nikaona kabla ya kutoa neno niende nikaone kwa macho yangu kinachopanguswa.

Nilikwenda siku ya Jumamosi, nikaagiza chai (bei yake tuiache), nikakaa nikatazama. Ukumbi ni mzuri, sikatai. Katikati yake limening'inizwa pambo kubwa lililoundwa kwa madema ya kuvulia samaki, makasia na kamba za majahazi. Pembeni imesimamishwa ngalawa nzima, wima, imetiwa rafu na kupangwa chupa. Mtu wa Moa akiona ngalawa imesimamishwa wima hukosa la kusema. Ile ni mali iliyolisha familia, leo imekuwa kabati. Suala la chupa zenyewe na kufanya kazi mahali zinapouzwa lina makala yake, na si hii.

Karibu na mlango wapo Wamakonde wa mpingo, wale wa mtindo unaoitwa ujamaa, watu wamepandana juu ya watu mpaka kwenye kilele. Hawa ndio waliozua maneno kwa wale wenzake. Tuanze nao.

Hukumu ya sanamu si jambo la kulipigia porojo. Zipo hadithi sahihi, katika Bukhari na Muslim, zenye makemeo mazito kwa mwenye kuchonga au kuchora kiumbe chenye roho, na zinazosema kuwa malaika hawaingii nyumba yenye picha. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafi tunamtegemea sana, amelikataza jambo hili kwa nguvu. Wapo waliojenga hoja nyingine. Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, mwanzoni mwa karne ya 20, alitazama sababu ya katazo akasema ni kuzuia ibada ya masanamu, na kwamba hofu hiyo ikiondoka hukumu nayo itazamwe upya. Wengi hawakumfuata. Lakini wote wanakubaliana juu ya kisa cha Bi Aisha (r.a.), aliyetundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akachukizwa nalo, kisha likakatwa likawa mito ya kuegemea. Kitambaa ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali pake: kwanza kilitundikwa juu kikitukuzwa, baadaye kikakaliwa. Ipo pia habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kuwa riziki yake yote hutokana na kutengeneza picha. Ibn Abbas alimweleza ukali wa jambo lile, kisha akamwonyesha njia: atengeneze miti na visivyo na roho. Hakumwacha mtu yule aondoke mikono mitupu.

Sasa kijana wetu hakuchonga, hakununua, wala hakutundika. Anafuta vumbi katika nyumba ya mtu mwingine. Kumfananisha na mtumishi wa hekalu ni kuruka mipaka, maana hekaluni watu husujudu, na pale mapokezi wageni husimama kupigwa picha. Nadhani akipata kazi nyingine ni bora zaidi. Lakini kusema mshahara wake ni haramu, mpaka mama mzazi arudishe riziki, hilo linataka dalili, na sikuiona kwa hao waliolisema.

Kama ningeishia hapo, dakika zangu tano zingetosha. Lakini nilipokuwa natoka nikaona vitu viwili ambavyo mpwa wangu hakuviuliza, wenzake hawakuvisema, na mimi mwenyewe nilivipita wakati wa kuingia.

Cha kwanza ni nguzo ya mti mkavu, ndefu kuliko mtu, nyembamba, imejaa michoro ya pembetatu, juu ina kichwa cha duara. Chini yake kibao kinasema "pambo la asili". Cha pili ni bakuli la Kichina, la rangi ya buluu na nyeupe, ndani ya kisanduku cha kioo. Nikainama nikalitazama kwa chini. Kitako chake kimeganda chokaa. Bakuli la kulia wali halina chokaa kitakoni. Bakuli lenye chokaa limebanduliwa ukutani, na katika mwambao wetu huu kuta zilizopambwa mabakuli ya Kichina ni za makaburi na misikiti ya kale, na baadhi ya nyumba za wakubwa.

Nianze na ile nguzo. Ile ni kigango. Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda humchongea kigango mzee aliyekuwa katika chama cha Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima. Watu wengi hudhani ni nguzo ya kaburi. Sivyo, kigango husimikwa nyumbani kwa familia, na kwa imani yao roho ya marehemu hupata makao hapo. Kikishasimikwa hakiondolewi tena. Familia ikihama, kigango hubaki palepale mpaka kiliwe na mchwa. Wafanyabiashara wa vinyago wakaliona hilo, wakasema: vimetelekezwa, havina mwenyewe.

Kisa kilichoandikwa sana ni cha mzee Kalume Mwakiru wa upande wa Kaloleni, Kenya. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee huyu akiwa na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Muda si mrefu vikaibwa. Mzee akavitafuta, asivipate, naye akafariki. Mwaka 1999 mtafiti yule alikuwa katika mkutano wa kitaaluma huko Marekani, mwenzake Linda Giles akaonyesha picha za vitu vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kimoja cha Illinois. Udvardy akakitambua kimoja: ni kigango cha mzee Kalume. Cha pili kikaja kuonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, chuo ambacho, ajabu ya mambo, kilianzishwa kuwasomesha Wamarekani weusi waliotoka utumwani. Watafiti hao wawili wakahesabu vigango zaidi ya 290 katika makumbusho 19 ya Marekani. Vingine vilikuwa sebuleni kwa matajiri na waigizaji wa sinema. Familia ikaandika kudai mali yake; Hampton wakakubali kukirudisha cha kwao, na kile cha Illinois kikarejea Kenya mwaka 2007. Makumbusho ya Denver ilitangaza mwaka 2014 kwamba itarudisha vigango 30, na ilipofika 2019 ndipo vikasafirishwa.

Na nani aliyeviiba? Si Mzungu aliyekuja usiku na tochi. Mara nyingi walikuwa vijana wa palepale kijijini, walioahidiwa fedha kidogo na wenye maduka ya vinyago mjini.

Najua msomaji wangu yupo anayekunja uso. "Sheikh, unatutetea ushirikina? Hivyo ni vigango, mizimu, tuvilinde ili iweje?" Ni swali la haki, nami sitalikwepa. Nasi Wadigo ni Mijikenda. Mababu zetu waliosilimu waliacha mambo mengi ya namna hii, na Alhamdulillahi kwa neema hiyo. Tena Muislamu ana sababu ya ziada ya kuogopa sanamu za kumbukumbu za wafu. Qur'an, katika Suratu Nuh (71:23), imetaja majina matano ya miungu ya watu wa Nuh, na Ibn Abbas ameeleza kuwa asili yao walikuwa watu wema waliokufa. Watu wakawasimikia sanamu ili wawakumbuke, kizazi kilichofuata kikasahau sababu, kikaabudu. Kwa hiyo sina mapenzi na itikadi ya kigango.

Lakini hebu tulitazame soko. Mwaka ule wa ufunguzi wa Makka, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliyaangusha masanamu 360 yaliyoizunguka Kaaba. Mwaka huo huo, kwa mapokezi ya Jabir (r.a.) katika Bukhari na Muslim, alitangaza kuwa Allah na Mtume wake wameharamisha kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu. Msomaji, lizingatie la mwisho. Yale masanamu 360 hayakupakiwa ngamia yakapelekwa Shamu kuuzwa kwa wanaoyataka, ingawa wanunuzi wangepatikana.

Basi yule kijana aliyebeba kigango usiku, na yule mwenye duka aliyekinunua, kama ni Waislamu, watueleze. Wakisema kile ni sanamu la kuabudiwa, kuliuza ni haramu kwa maneno ya Mtume mwenyewe. Wakisema si sanamu la kuabudiwa, ni mti tu wenye michoro, basi ule mti ni mali ya mzee Kalume na wanawe, na kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake ni wizi, awe mwenyewe Muislamu au asiwe. Mlango wa tatu siuoni. Haki ya jirani asiye Muislamu haipotei kwa sababu itikadi yake ni mbovu. Allah (s.w.) katika Suratul An'am (6:108) ametukataza hata kuwatukana wanaoabudiwa badala yake, kwa kuwa jirani naye atarudisha matusi kwa ujinga. Ikiwa tusi limezuiwa, itakuwaje kuvunja boma la mtu usiku?

Na hapa nije kwenye bakuli, maana la jirani ni rahisi kulisemea, la nyumbani ndilo linaloumiza.

Ukitoka Tanga mjini kwa njia ya Pangani utafika Tongoni. Pale pana magofu ya msikiti na makaburi kama 40, mengi ya karne ya 14 na 15, na hakuna mahali pengine katika mwambao wa Afrika Mashariki penye makaburi ya namna ile mengi hivyo mahali pamoja. Yapo yenye nguzo za mawe ya matumbawe. Wazee wetu wa zama zile walikuwa Waislamu wafanyabiashara. Jahazi zao zilileta bidhaa kutoka Uajemi, Bara Hindi na China, na walipozikana wakapachika mabakuli na vigae katika nguzo na kuta za makaburi. Richard Burton alipita hapo mwaka 1857, akaandika habari za kigae chenye maandishi ya Kiajemi katika kaburi mojawapo. Nenda leo. Utaona nguzo zina matundu ya mviringo, matupu, kama macho yaliyotobolewa. Kila tundu lilikuwa na bakuli.

Hapa najua atainuka ndugu yangu mwingine na hadithi mkononi. Atasema Mtume (s.a.w.) amekataza kuyajengea makaburi na kuyapaka chokaa, na kwamba Sayyidna Ali (k.w.) alitumwa asiache sanamu ila alifute, wala kaburi lililoinuliwa ila alisawazishe. Hadithi zote mbili zimo katika Muslim. Sibishani naye, na wala sitaki tena ile mijadala ya makaburi iliyotufarakanisha misikitini miaka ile. Namuuliza jambo moja tu: Sayyidna Ali alipotumwa, aliambiwa abandue mapambo akayauze? Alitumwa na mwenye mamlaka, mchana, kwa jambo la dini, na hakurudi na kitu mfukoni. Anayekwenda na patasi kubandua bakuli halisawazishi kaburi. Kaburi analiacha limesimama, bovu zaidi, na maiti aliyemo ndani, Muislamu mwenzake, ambaye kuvunjwa mfupa wake kumefananishwa na kuvunja mfupa wa aliye hai, anakanyagwa juu ya kichwa chake kwa ajili ya bei ya bakuli.

Na sheria ya nchi ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya 1863, na haikuisahau hata milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940, ile ambayo sasa tunaikuta imelazwa, imewekewa kioo, watu wananywea juu yake. Baadhi ya milango hiyo imechongwa aya juu ya kizingiti. Jambo hilo peke yake lingetosha kutukosesha usingizi kuliko Wamakonde wa mpingo, ambao aliyewachonga aliwachonga ili wauzwe na akalipwa.

Nilimwomba mpwa wangu anikutanishe na msimamizi wa ukumbi. Ni mtu muungwana, Muislamu, alinikaribisha vizuri. Akaniambia vitu vyote vilinunuliwa kwa mfanyabiashara anayejulikana, na risiti zipo. Nilimwamini kuhusu risiti. Lakini wanazuoni wa fiqhi wamekwisha kuliongea hili: mwenye mali akiikuta mali yake kwa mtu aliyeinunua, mali humrudia mwenyewe, na mnunuzi humfuata aliyemuuzia adai fedha zake. Risiti inathibitisha kwamba ulilipa. Haithibitishi kwamba uliyemlipa alikuwa na cha kuuza. Akacheka, akasema, "Mzee, sasa nitamtafuta wapi mwenye bakuli, amekufa miaka mia tano." Nikamjibu kwamba wa bakuli amekufa, lakini pale lilipotoka panajulikana na pana serikali inayopasimamia, na kwamba wa kigango pengine wajukuu wake wako Kaloleni wanalima mahindi. Akasema atalifikisha kwa wakubwa. Sijui kama alilifikisha.

Nikarudi kwa mpwa wangu na jibu, nikimwambia kwanza kwamba mimi si mufti, na akitaka fatwa masheikh wapo. Nilimwambia aendelee na kazi huku akitafuta nyingine, afute vumbi bila kuinama kwa heshima mbele ya chochote, na mshahara wake aule, ila mgeni akimuuliza ile nguzo ni nini, asiseme "pambo la asili". Aseme ni ya ukumbusho wa mzee fulani wa Kigiriama, na kwamba kwao ikisimikwa haiondolewi. Kusema kweli hakujaandikwa katika mkataba wake kuwa ni kosa.

Wiki mbili baadaye akanipigia. Mgeni mmoja alimuuliza, naye akasema. Mgeni yule, aliyekuwa ameegemea kigango akipigwa picha, akauondoa mkono wake, akaomba radhi, hata haijulikani alikuwa anamuomba nani. Msimamizi alisikia habari hiyo, akamwambia kijana apunguze maneno. Bakuli nalo limeondolewa pale mapokezi. Wengine wanasema limepelekwa chumba cha mikutano, wengine wanasema limerudishwa kwa aliyeliuza. Kwenye rafu limebaki duara safi lisilo na vumbi, naye amelifuta.

Ikabaki kwa dada yangu. Nilikwenda Moa mwenyewe, nikakaa naye barazani, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kuanzia pazia la Bi Aisha mpaka makaburi ya Tongoni. Alisikiliza, akichambua mchele. Akasema fedha za mwanawe atazipokea, kwani amekwisha kuelewa. Kisha akaniuliza kama nakumbuka safari yetu ya Tongoni na marehemu baba, mimi nikiwa na miaka kumi na moja, na kile kigae cha buluu, ukubwa wa kiganja, nilichokichokoa ukutani kwa kisu cha samaki, nikamuuzia mgeni mmoja kwa bei ya soda mbili.

"Moja nilikunywa mimi," alisema.

Tumekubaliana twende Tongoni pamoja Idi ikipita, tukamtafute mtunzaji wa magofu tumweleze ni kaburi lipi.